Simu umeshailipia, ufunguo wake uko kwa nani?

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Simu yoyote inayouzwa hapa Kenya ikiwa na kufuli ambalo mwenye simu hawezi kulifungua hata baada ya kulipa shilingi ya mwisho, hiyo simu haijauzwa. Imekodishwa, na siku ya kuisha kwa kodi ameshaipanga mwenye kiwanda. Tukiuliza tunaambiwa ni kwa ajili ya usalama wetu. Mimi nimesomea shahada ya sayansi ya kompyuta na riziki yangu ni kuandika programu, na huo usalama nimeuchungulia kwa ndani. Nitausema hapa chini.

Kwa wasomaji ambao si watu wa kompyuta, tuelewane kwanza. Simu ya Android ni kompyuta ya mkononi, na ndani yake kuna Linux, ile ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Ufini. Sehemu hiyo ya Linux inaitwa kerneli. Ndiyo inayozungumza na betri, kioo, kamera, laini na kichakataji. Programu nyingine zote hupitia kwake. Juu ya kerneli kuna mfumo mzima unaouona kwa macho, ambao mafundi wetu wanauita romu. Na chini ya vyote hivyo kuna programu ndogo inayoamka mwanzo kabisa ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Hiyo inaitwa butiloda. Kazi yake ni kuikagua kerneli kisha kuiamsha. Ikiwa imefungwa, inaamsha tu kerneli yenye sahihi ya kiwanda. Ukijenga ya kwako, hata iwe bora mara 10, inagoma.

Sasa twendeni Jilore.

Jilore ni kwetu, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kaskazini, si mbali na Mto Sabaki. Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaofuga nyuki pembezoni mwa msitu. Mwaka 2018 alikwenda Malindi akanunua simu mpya (jina la kampuni siliandiki hapa, wenyewe wanajijua). RAM ya GB 1, Android 8.1. Kwa shughuli zake inatosha na kubaki: anapiga picha madumu ya asali, anapokea oda, anaangalia akaunti ya chama kwenye programu ya benki. Betri ilipochoka, fundi wa Kakoneni alimbadilishia. Kioo hakina hata ufa. Mwaka jana programu ya benki ikasasishwa, ikadai Android mpya zaidi, ikakataa kufunguka. Akanipigia.

"Mwanangu, kwani hii simu imekufa?"

"Haijafa shangazi. Wenyewe wametengeneza mpya, hii wameitupa."

"Wameitupa vipi na iko mkononi mwangu?"

Mimi mpaka leo sina jibu la swali hilo, na ningependa wenye viwanda walijibu wao.

Nilipokwenda nyumbani nilifungua mipangilio. Kiraka cha mwisho cha usalama kilikuwa cha Desemba 2018. Yaani simu ilitunzwa miezi michache, kisha kimya. Nikachomeka kebo kwenye laptopu, nikatumia fastboot kwa utaratibu ule wa kawaida wa kufungua butiloda. Jibu: hairuhusiwi. Hakuna fomu ya kuomba, hakuna namba ya siri ya kutumiwa, hakuna tovuti. Kompyuta nzima, yenye kichakataji kuliko mashine nilizofundishiwa hesabu za kwanza za programu, imegeuzwa kuwa tochi ya kupigia simu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kerneli yenyewe ina sheria yake, na sheria hiyo iko upande wa shangazi. Linux inatolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2. Ni programu huria: ichukue, ibadilishe, iuze, tajirika nayo, hakuna atakayekudai hata ndururu. Sharti lenyewe ni hili: ukimpa mtu programu, mpe na msimbo chanzo wake, au mpe ahadi ya maandishi, ya kudumu angalau miaka 3, kwamba yeyote atakayeuomba atapewa kwa gharama ya kunakili tu. Niliiandikia kampuni barua pepe mara mbili kuomba msimbo wa kerneli ya simu hiyo. Mara ya kwanza nilijibiwa nitembelee kituo cha huduma kilicho karibu nami. Mara ya pili sikujibiwa. Najua atatokea mwerevu aseme miaka 3 imeshapita. Miaka 3 ya ahadi ipi? Boksi la simu shangazi amelihifadhi juu ya kabati mpaka leo, kama wafanyavyo mashangazi wote wa Pwani, na ndani yake hamna karatasi yoyote ya ahadi. Kwenye mipangilio pia hamna.

Hapa naomba tusimame kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inazilinda programu za kompyuta. Sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja vizuizi vya kiteknolojia vilivyowekwa kulinda kazi za watu. Kwa hiyo shangazi akivunja kufuli la simu yake mwenyewe, kuna wakili atakayetafuta kifungu cha kumtishia. Lakini kampuni ikichukua kazi ya maelfu ya waandishi wa Linux, ikaiuza madukani Malindi na kuficha msimbo, nani amewahi kumwona ofisa akiingia dukani kuuliza? Haki ya mwandishi ni ile ile. Tofauti ni nani anayeidai.

Na wala si ndoto kwamba ikidaiwa inalipa. Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani huku msimbo haujatolewa. Watu wakapiga kelele. Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys mwaka huo huo, ikautoa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao leo unafanya kazi kwenye ruta za makampuni chungu nzima. Barua za malalamiko na ukaidi wa watu wachache, basi.

Tuje kwenye faida, maana najua kuna anayejiuliza: hata ufunguo ukipatikana, mtu wa Jilore atafanyia nini kerneli?

Mdogo wangu ana Samsung Galaxy S5 ya mtumba. Simu hiyo ilitoka mwaka 2014 na Android 4.4, na Samsung waliiachia njiani ikiwa Android 6. Lakini aina aliyo nayo butiloda yake haina pingu, na Samsung huwa wanachapisha msimbo wa kerneli zao. Wajitolea wa LineageOS wakauchukua, wakaifikisha simu hiyo Android 11. Simu ya miaka zaidi ya 10! Kerneli yake ni ya tawi la 3.4, ambalo wenye Linux waliacha kulitunza mwaka 2016, kwa hiyo viraka vimeshonwa kwa mkono, kimoja kimoja, na watu wasiolipwa.

Mimi sikuishia kuweka romu tu. Nyumbani umeme tunaotegemea ni paneli ndogo ya sola, na mvua zikianza kuna siku mbili tatu chaji ni ya kugombania. Kichakataji cha S5 kina viini 4 vinavyokimbia hadi GHz 2.5. Cha nini, kwa mtu anayesoma ujumbe na kupiga picha za mizinga? Nikashusha msimbo usiku kwa bando la usiku, nikaweka kikomo cha chini zaidi cha kasi, nikahakikisha viini viwili vinalala simu ikiwa mfukoni, nikaondoa draiva za vitu asivyovitumia, nikajenga. Laptopu ilinguruma karibu saa nzima. Nikaichoma kerneli mpya kwenye simu, ikawaka. Sasa anachaji mara moja kwa siku badala ya mara mbili, na mara nyingine inavuka hadi kesho yake. Mhandisi wa Seoul hakuwa na sababu ya kujua habari za paneli ya Jilore, simlaumu. Alichofanya cha maana ni kutoziba mlango.

Na msiniambie Wakenya hatujawahi kuwa na nafasi hiyo. Wenye kumbukumbu mnaikumbuka Huawei IDEOS, ile U8150, aliyoiuza Safaricom mwaka 2011 kwa takriban dola 80. Kioo cha inchi 2.8, RAM MB 256, kichakataji cha MHz 528. Habari za mwaka huo zilisema zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 300,000. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo Linux ya kwanza kuishika mkononi, ingawa hatukujua ni Linux. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Malindi alikuwa nayo, akaiwekea CyanogenMod 7 iliyoleta Android 2.3 wakati simu ilikuja na 2.2. Kazi yote aliifanyia saiba, kwa shilingi moja kwa dakika, akibana vitufe na kuomba dua. Nilivyoona picha mpya inatokea wakati wa kuwaka, nilijua nitasomea nini.

Basi kampuni ile ile, mwezi Mei 2018, ikatangaza kwamba haitatoa tena namba za kufungulia butiloda. Simu mpya papo hapo, za zamani zikapewa siku 60. Mtoto wa darasa la 7 wa leo akiokota simu ya binamu yake anaona nini? Kioo chenye onyo, na mlango uliozibwa kwa saruji.

Haya, usalama. Nimeahidi kuusema.

Hoja yao ni kwamba butiloda iliyo wazi inamsaidia mwizi na mdukuzi. Kuna ukweli kidogo ndani yake na sitauficha: mtu aliyeishika simu yako iliyo wazi anaweza kuichokonoa. Lakini butiloda iliyotengenezwa vizuri hufuta kila kitu kwenye simu wakati wa kufunguliwa, kwa hiyo anayeiba simu iliyofungwa hapati picha zako wala ujumbe wako kwa njia hiyo. Tena inawezekana kuifunga upya kwa ufunguo wako mwenyewe. Simu za Pixel za Google zinaruhusu hivyo, na ndivyo GrapheneOS inavyofanya kazi. Ufundi upo. Kinachokosekana ni nia.

Halafu tuangalie hatari yenyewe inatoka wapi. Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro ya kerneli iliyopewa jina la Dirty COW. Ilikuwa imejificha humo tangu mwaka 2007, na ilimwezesha mwenye ruhusa ndogo kujipandisha hadi kuwa mwenye mamlaka yote. Linux ikatoa kiraka mara moja. Simu ambayo kiwanda chake kilikuwa kimeshaitelekeza ilibaki na tundu hilo, na mwenyewe hakuwa na njia ya kuliziba kwa sababu kufuli lilikuwepo "kumlinda". Sasa hesabu kasoro zote zilizogunduliwa tangu Desemba 2018. Simu ya shangazi haijapata kiraka kwa hata moja.

Na sahihi ya kiwanda haina utakatifu wowote. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilitoa ripoti kuhusu simu za Tecno W2 zilizouzwa Afrika, zikiwemo nchi za Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Zilikutwa na programu hasidi, Triada na xHelper, zinazowaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua. Zilikuwemo tangu simu ikiwa mpya. Wenye kampuni walisema tatizo lilitokana na msambazaji mmoja katika mnyororo wao na kwamba walitoa marekebisho. Sawa, nakubali. Lakini butiloda iliikagua romu ile, ikaona sahihi ni halali, ikapiga saluti.

Kuna wa benki pia. Simu ya mdogo wangu, yenye viraka vya miaka mingi zaidi, programu ya benki inaikataa kwa sababu butiloda iko wazi. Ya shangazi, yenye viraka vya 2018, ilikubaliwa miaka yote mpaka siku ilipokosa Android mpya. Wakati huo huo, jirani yetu mwenye kabambe ya shilingi 1,500 anabonyeza *334# na kutuma pesa mchana kweupe, bila ya mtu kuuliza kerneli yake ina sahihi ya nani. M-Pesa ilianza mwaka 2007 na kujenga imani ya taifa zima juu ya PIN na laini. Kama kabambe inaaminika, nielezeni kwa nini Linux iliyozibwa matundu haiaminiki.

Wa mikopo nitawaelewa zaidi. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na usipolipa inajifunga. Watu wengi walipata simu yao ya kwanza kwa njia hiyo na ya M-KOPA. Deni ni deni. Boda boda ya mkopo nayo logibuku haipewi dereva mpaka amalize. Lakini akimaliza anakabidhiwa logibuku! Nataka siku ile mtu anapolipa shilingi 20 ya mwisho, atumiwe na namba ya kufungulia butiloda pamoja na ule ujumbe wa pongezi.

Na nikigusia boda boda: pale stendi ya Kakoneni kuna fundi anayefumua injini ya Boxer chini ya mti, anaisafisha kwa petroli na kuirudishia kabla ya ugali wa mchana. Hajaiunda yeye, na wengi wa wateja wake hawajui pete za pistoni ni kitu gani. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo injini ingefungwa kwa kuchomelewa. Wateja hawahitaji kujua. Wanahitaji fundi aruhusiwe. Kwa simu, fundi asiporuhusiwa hupitia dirishani: anaokota romu kwenye tovuti za ajabu ajabu, zimewekwa na nani hajui, anaflashi, anachukua 500 yake. Mkiziba mlango wa halali, hicho ndicho mnachokipata, kisha mnakuja kutuhubiria usalama.

Sasa ninachodai, na nakidai kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu kila aina ya simu ni lazima iidhinishwe nao kabla ya kuuzwa nchini. Wanapima mawimbi, wanapima redio. Waongeze maswali yao. Simu hii itapata viraka hadi tarehe gani? Iandikwe kwenye boksi kama tarehe ya kuharibika kwa maziwa. Msimbo wa kerneli uko wapi? Ukabidhiwe kabla ya kibali. Na mwenye simu akitaka kufungua butiloda, anafanyaje? Jibu la "hairuhusiwi" liwe sababu ya kunyimwa kibali. Ufunguo bila msimbo hautoshi, nawaambia mapema, maana hiyo hila wataileta: mtapewa mlango wazi, kisha draiva zote zimefichwa na kerneli ni ile ile kuukuu.

Ulaya wameshaanza kwa njia yao. Tangu 20 Juni 2025, simu zinazouzwa huko zinatakiwa zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Kwetu simu inaishi zaidi ya hapo, inarithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mtoto hadi kwa shamba boi, kwa hiyo mimi ningechagua ufunguo kuliko miaka. Lakini hata hiyo miaka sisi hatujaidai.

Tena siku hizi hatuwezi kusema viwanda viko mbali. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, Rais akiwepo, na simu zake za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zikauzwa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Nilifurahi, sifichi. Serikali inayokata utepe wa kiwanda ina nguvu ya kukiuliza kiwanda hicho maswali hayo matatu, na kikijibu vizuri, vya nje navyo vitaulizwa kwa mfano wa nyumbani. Mwanafunzi wa Pwani anayejenga kerneli ya simu iliyounganishwa Athi River: hiyo ndiyo ningeiita teknolojia ya Kenya. Kukaza skrubu pekee hakujatufikisha huko.

Kwa walio karibu: Jumamosi nitakuwa Kakoneni kuanzia saa 4 asubuhi, pale kwa fundi wa simu. Sitozi, chai tu. Njoo na simu yenye chaji isiyopungua nusu, na kebo inayopitisha data, maana nyingi za barabarani zinachaji tu. Namba na picha zako zinakili kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kufungua butiloda kunafuta vyote na sitaki kesi. Andika aina kamili ya simu, ile iliyo kwenye mipangilio, si jina la tangazo. Kama mkopo wake haujaisha, malizana nao kwanza. Na kama bado una boksi, lilete pia: nataka kuhesabu ni mangapi yana ile karatasi ya ahadi ya msimbo, na hesabu hiyo nitaipeleka Mamlaka ya Mawasiliano kwa maandishi.